Askari, Bustani ya Nyumbani na Mfyulisi wa Kafutuma

Mwezi wa Julai mwaka jana safari ya kikazi ilitufikisha Kafutuma, wilayani Nchelenge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru. Shughuli zilipokwisha tulipata wasaa wa kumwamkia mzee mmoja aliyestaafu jeshini akiwa na cheo cha sajini. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hakuomba kuandikwa gazetini. Itoshe kusema kwamba mzee huyo ndiye aliyetufundisha gwaride katika chuo cha kadeti kule Kabwe, na kwamba sauti yake, ambayo wakati ule ilimwamsha hata aliyelala upande wa pili wa uwanja, sasa imetulia kama ya babu yeyote anayeita wajukuu waje kula. Zamani tulisimama wima mbele yake tukitetemeka. Siku hizi yeye hutuita "afande" na kuongeza "mwanangu" papo hapo, na katika kuchanganya huko mna mzaha ambao kila askari ataufahamu.

Baada ya ugali wa muhogo kwa samaki, mzee alitushika mkono akatupeleka nyuma ya nyumba. Huko alituonyesha mti. Kimo chake kilikuwa cha mtu na nusu. Matawi yake yalikuwa marefu, membamba, matupu tangu shinani hadi karibu na ncha, na kwenye ncha ndiko kulikokuwa na vishungi vya majani, kama mtu aliyenyolewa kichwa kizima akaachiwa panja. Lakini chini ya mti udongo ulikuwa umezungushiwa mawe, umefagiliwa, una unyevu wa maji yaliyomwagwa asubuhi ile ile.

"Afande mwanangu," akasema, "mti wako una miaka sita. Haujanipa tunda hata moja. Nimeukosea nini?"

Hakuukosea kitu. Tuliokosea ni sisi, na ndiyo maana tumeonelea vema tulieleze jambo hili katika ukurasa huu unaosomwa na askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu tunajua wako wengi walio karibu kutenda kosa lile lile kwa fedha za kiinua mgongo chao.

Yafaa tuanzie Kabwe. Nyuma ya stoo moja ya chuo palikuwa na mfyulisi, ule mti ambao wengine huuita mpichesi, na tunda lake wengi huliita pichi. Hakuna aliyejua nani aliupanda. Yasemekana uliota wenyewe kutokana na kokwa iliyotupwa na mtu aliyekwisha kula tunda. Kadeti aliyechelewa kwenye paredi alipewa ndoo mbili na kuambiwa aumwagilie, na kwa kuwa wachelewaji hawakukosekana, mti haukupata kuona kiu. Ulipochanua maua yake ya waridi mwishoni mwa kipupwe, uwanja mzima ulipata sura nyingine. Desemba matunda yalipoiva, sajini aliyagawa kwa hesabu, moja kwa kila mmoja, na waliokuwa na adhabu wakapewa mawili, akisema kwamba ndio waliolifanyia kazi. Sisi tulipata kula mawili.

Basi alipokaribia kustaafu, mzee alitwambia kwamba akifika kwao ziwani atapanda mfyulisi. Hakusema hivyo kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Alikuwa amepiga hesabu. Wakazi wa Nchelenge huishi kwa samaki, na kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria huzuia uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Hiyo ni sheria njema, na polisi wanaoisimamia wanajua uzito wake. Lakini kwa mwenye nyumba yenye watoto wengi miezi mitatu hiyo ni mirefu. Nyavu zimekunjwa, mvua inanyesha, muhogo mpya bado, na ndipo ada za shule za Januari zinapobisha hodi. Mzee aliona kwamba fyulisi huiva Desemba, yaani katika miezi ile ile ya njaa ya fedha, na kwamba katika soko la Kashikishi hakuna mwingine auzaye tunda hilo. Hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye akili. Kilichopungua ni taarifa moja tu, na sisi tuliokuwa na nafasi ya kuitafuta hatukuitafuta.

Tulichofanya ni kwenda kwa muuza miche mmoja na kununua miche miwili iliyobebeshwa, kwa bei isiyokuwa ndogo. Kwenye kibandiko chake paliandikwa kwamba aina ile ni hodari, huvumilia baridi kali. Tukafurahi. Askari hupenda kusikia maneno kama hayo. Tumelelewa katika kusifu uvumilivu: kuruta anayesimama kwenye baridi ya alfajiri bila kutikisika ndiye mwema, na buti linalovumilia tope ndilo buti. Tukadhani na mti ni hivyo hivyo; ukivumilia baridi kali, basi joto ni nini kwake? Mche mmoja ulikufa njiani. Wa pili ndio ule aliotuonyesha mzee.

Kosa letu liko hapa. Mti wa nchi za baridi una sifa mbili zinazohusu baridi, na sifa hizo ni mbali kabisa. Ya kwanza ni kiasi cha baridi unachoweza kukistahimili pasipo kufa. Ya pili ni kiasi cha baridi unachokihitaji ili upate kuchanua. Kibandiko kilisema habari ya kwanza. Mkulima wa ziwani anahitaji kuambiwa habari ya pili.

Mfyulisi asili yake ni China, ambako umelimwa kwa maelfu ya miaka, ingawa wataalamu wa Ulaya waliupa jina la Uajemi kwa kuwa ulifika kwao kupitia huko. Katika nchi ulikozaliwa kuna majira ya baridi ya kweli. Kabla ya majira hayo mti hupukutisha majani yote na kulala. Machipukizi yake hufunga, na wala hayafunguki kwa siku moja au mbili za joto, maana yangefunguka hivyo yangeuawa na sakitu ya wiki ijayo. Mti una namna yake ya kuhesabu. Huhesabu saa za baridi, na wataalamu kwa kawaida hukadiria kwa saa ambazo hewa iko chini ya nyuzi joto 7 hivi. Hesabu inapotimia, mti huamini kwamba baridi imepita, huamka, na kutoa maua yote kwa pamoja. Hesabu isipotimia, mti hukaa kama mlinzi ambaye hakuletewa mwenzake wa kumpokea zamu: haondoki lindoni, wala halali usingizi mzuri. Machipukizi mengine hukauka, mengine hufunguka ovyo, majani huota nchani tu, na maua yakitokea ni machache na hayashiki.

Kila aina ya mfyulisi ina hesabu yake. Iko aina iitwayo Reliance, iliyotolewa mwaka 1964 huko New Hampshire, Marekani, inayosifiwa kwa kuhimili baridi ya karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Hiyo inahitaji saa zipatazo 1,000 za baridi. Iko nyingine iitwayo Contender, iliyotoka North Carolina, nayo ni ya hesabu kama hiyo. Msomaji na agawe saa 1,000 kwa 24. Atapata zaidi ya siku 41 mchana na usiku, jua lisiipashe hewa hata mara moja. Kwa upande mwingine Chuo Kikuu cha Florida, katika jimbo lenye joto, kilitoa mwaka 1982 aina iitwayo Flordaprince, inayotosheka kwa saa 150 hivi. Hii ya Florida ingekufa mapema mahali ambapo Reliance hustawi. Kwa mizani ya ushujaa ni kuruta dhaifu. Lakini kwa nchi zetu dhaifu huyo ndiye wa kuajiriwa.

Na ule mti wa Kabwe? Tunaamini, kwa jinsi ulivyozaa, kwamba ulikuwa wa ukoo wa kutosheka na kidogo. Kabwe iko kwenye kimo cha karibu mita 1,200, na baadhi ya usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli kweli. Waliolala kwenye mahema ya mafunzo hawahitaji kuelezwa. Hakuna mtu aliyeuita mti ule hodari wa baridi. Ulikuwa tu mahali pake.

Sasa tuliangalie Ziwa Mweru. Liko kwenye kimo cha zaidi kidogo ya mita 900, kwenye latitudo ya nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Zaidi ya hayo ni ziwa, na maji mengi hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku pole pole, kama jiko lililofunikwa majivu. Mzee alitubishia. Alisema, "Lakini baridi hapa ipo. Julai tunaota moto." Ni kweli, wanaota moto, na sisi tuliota nao jioni ile, kwa sababu upepo wa ziwa unapita kwenye nguo. Lakini mwili wa mtu aliyezoea joto huhisi baridi kwenye nyuzi 15, na mfyulisi kwenye nyuzi 15 hauandiki hata saa moja katika daftari lake. Usiku wa Nchelenge hauteremki hadi pale mti unapoanza kuhesabu. Mti unaotaka saa 1,000 ungeweza kusimama Kafutuma miaka mia, ukamwagiliwa na kadeti wote wa Kabwe, na usizae.

Wako watakaouliza kama hauwezi kulazimishwa. Inawezekana, katika mahali panapofaa. Huko Batu, katika milima ya Java ya mashariki, wakulima wa matofaa huyapukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno, na mti, ukidhani umepita majira yake, huchanua upya pasipo kuingia usingizi mzito. Huko Thailand, katika milima ya Ang Khang, Mradi wa Kifalme ulianza mwaka 1969 kuwapa wakulima wa milimani matunda ya nchi za baridi, mafyulisi yakiwemo, ili waache kulima kasumba. Na jambo hilo likafaulu kwa kuwa milima ile ina kimo cha zaidi ya mita 1,400 na usiku wake ni wa baridi. Mifano hii miwili ni ya milimani. Hatukuona sababu ya kumwambia mzee wa miaka yake akwanyue majani ya mti mmoja mmoja kando ya ziwa kwa kutumaini kikapu kimoja cha matunda.

Kwa majirani zetu wa Tanzania mambo hayo yanaonekana wazi barabarani. Njombe, kwenye karibu mita 2,000, na Makete iliyo juu yake, ambako Juni na Julai sakitu huunguza majani ya viazi, mafyulisi huuzwa kwa ndoo ndogo msimu wa mvua. Lushoto katika milima ya Usambara ni hivyo hivyo. Wajerumani walipouita mji huo Wilhelmstal ndipo matunda mengi ya Ulaya yalipopandwa huko, na leo mifyulisi, miplamu na mipeasi ni mali ya wananchi wa kawaida kabisa. Lakini teremka kutoka Lushoto hadi Mombo, mwendo wa gari usiofika saa mbili, nawe hutaona mfyulisi, utaona miembe. Mlima ni ule ule, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni usiku.

Hapa kwetu askari aliyepangiwa Mbala ana bahati yake. Mji huo uko kwenye zaidi ya mita 1,600. Ndiko Jenerali von Lettow-Vorbeck alikosalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wakati mji ukiitwa Abercorn, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya, na tunadhani askari waliokesha huko wakati wa kipupwe wanayo maneno yao juu ya hali ya hewa. Aliye huko na apande mfyulisi wa kutosheka na saa chache. Hata Kawambwa, mkoani kwetu Luapula, kwenye nyanda zinazolima chai, mtu anaweza kujaribu mche mmoja bila kuhesabiwa mpumbavu. Kwa vyovyote vile kwanza aulize swali moja kwa muuzaji: mti huu unahitaji saa ngapi za baridi? Muuzaji akijibu kwa kusifu ustahimilivu wa mti, mnunuzi na arudishe fedha mfukoni. Sisi hatukuuliza, tukalipa.

Kwa ndugu zetu walio nyanda za juu tutaeleza machache tuliyojifunza, maana mfyulisi si mgumu kulea ukiwa mahali pake. Shimo liwe la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, lichanganywe samadi iliyooza, na mti upewe mita 4 au 5 kutoka kwa jirani yake. Maji yanayotuama huua mizizi yake upesi kuliko ukame. Kwa hiyo kichuguu kilichosawazishwa ni bora kuliko bonde. Anayeotesha kwa kokwa ajue kwamba mbegu nayo ina usingizi: aiweke katika mchanga wenye unyevu ndani ya jokofu kwa miezi miwili au mitatu, ndipo aipande, na asishangae mti ukitoa tunda lisilofanana na la mama yake. Mche uliobebeshwa hautoi mashaka hayo, nao huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Jambo ambalo watu wetu hulikwepa ni kupogoa. Mtu huona kukata tawi zima ni ukatili. Lakini mfyulisi huzaa kwenye vijiti vilivyoota mwaka uliotangulia. Kijiti kilichokwisha kuzaa hakizai tena. Mti usiopogolewa hupeleka matunda juu zaidi kila mwaka, mpaka yakawa ya ndege peke yao. Kata wakati mti umelala, karibu na mwisho wa kipupwe, ukiuachia matawi makuu matatu au manne yaliyofunguka kama bakuli, ili jua liingie katikati. Tena, matunda yakishafika ukubwa wa ncha ya kidole gumba, yapunguze mpaka kati ya moja na jingine uwe upana wa kiganja. Hapo mke hulia, watoto hulia. Lakini atakayeyaacha yote atavuna makokwa yaliyovishwa ngozi. Na mwisho kuna inzi wa matunda. Tangu mwaka 2003, alipogunduliwa Kenya inzi mmoja mgeni kutoka Asia, kilio cha wakulima wa maembe na matunda laini kimeenea sehemu kubwa ya Afrika. Matunda machache ya nyumbani huokolewa kwa kuyavisha mifuko ya karatasi yakiwa bado mabichi, na kwa kuokota kila tunda lililoanguka na kulizika kwa kina, au kulifungia ndani ya mfuko mweusi juani siku kadhaa. Gazeti hili, likishasomwa, linafaa sana kwa mifuko hiyo. Watoto wasivunje makokwa wakala kiini cha ndani, kwa kuwa kina sumu.

Lakini tunarudi kwa jambo linalotugusa sisi wenye sare. Askari haishi mahali pamoja. Leo yuko Kabwe, baada ya miaka mitatu yuko Chipata, kisha Kaoma. Polisi ni hivyo hivyo, tena pengine uhamisho wake huja usiku kwa simu. Kwa hiyo tumezoea kuishi katika nyumba za serikali kama wasafiri katika chumba cha kungojea treni. Tunaulizana: nitapanda mti wa nini, aje kula mwingine? Mti wa matunda utakaozaa mwaka wa tatu unaonekana ni hasara ya aliyepanda. Matokeo yake ni kwamba katika kambi nyingi nyumba zina miaka 40, ua lake ni tupu kama siku lilipofagiliwa mara ya kwanza, na watoto wa askari huruka ukuta kwenda kuiba maembe ya raia, jambo ambalo baadaye baba yao huitwa kulieleza.

Halafu siku ya kustaafu inafika, na mtu ambaye kwa miaka 20 na zaidi hakupanda hata mpapai mmoja anakwenda kijijini na fedha zake mkononi kununua miche. Hajui udongo, hajui mdudu, hajui swali la kumwuliza muuzaji. Huyo ndiye mteja anayependwa na kila mlaghai. Tungalikuwa na desturi ya kupanda tukiwa kazini, kila uhamisho ungalitufundisha nchi mpya: kwamba kinachozaa Mbala hakizai Nchelenge, na kwamba mwembe unaostawi ziwani hudumaa kwenye sakitu. Mtu angalistaafu akiwa na elimu ya mikoa mitano, bila kwenda darasani.

Tuna pendekezo, nalo si la gharama. Mtu anapokabidhi nyumba ya serikali huandikwa hati: vitanda vingapi, vioo vingapi vizima, balbu ngapi, ufunguo wa stoo uko kwa nani. Miti iandikwe katika hati hiyo hiyo. Mwembe mmoja, wa miaka mitatu, unazaa. Mfyulisi mmoja, umepogolewa Julai. Anayehama ajue kwamba ataulizwa kama aliyekabidhiwa aliukuta hai. Anayehamia ajue kwamba amepokea mali ya watu wengine na ataiacha kwa watu wengine. Tunasikia watakaosema kwamba huko ni kuongeza karatasi juu ya karatasi. Lakini balbu huandikwa, nayo haizidi mwaka, na mti utakaolisha nyumba ile miaka 15 hauandikwi.

Sasa kuhusu mzee wetu. Tulipomwambia kwamba mti wake hautazaa kamwe, hakukasirika, jambo lililotuumiza zaidi. Aliinama akaokota jani moja kavu, akalitupa nje ya mzingo wa mawe. Tukamshauri apande mwembe. Akacheka. "Embe?" akasema. "Huku embe kila mtu anayo. Desemba tunawapa mbuzi." Alikuwa na haki tena, ushauri wa mjini mara nyingi ni wa namna hiyo. Ikatubidi tukauulize vizuri kwa watu wa kilimo, jambo ambalo tungalilifanya miaka sita nyuma. Wakatueleza juu ya maembe yaliyobebeshwa ya aina inayochelewa kuiva, kama Keitt, ambayo huanza kutoka wakati maembe ya kienyeji yamekwisha sokoni, yaani kuelekea mwisho wa ile miezi mitatu ya nyavu kukunjwa. Inzi wa matunda huyapenda hayo pia, na mifuko ya karatasi itahitajika. Pia mipapai na migomba, ambayo haina msimu mmoja, huleta fedha ndogo ndogo kila wiki. Si fyulisi. Hakuna atakayesimama sokoni Kashikishi kushangaa. Lakini ada ya Januari hailipwi kwa kushangaza watu.

Mvua zilipoanza tulimpelekea miche minne ya Keitt kwa fedha zetu wenyewe, ikiwa imefungwa vema kwa majani ya mgomba ili isife njiani kama ule wa kwanza. Dereva aliporudi alituletea habari kwamba mzee ameipanda yote siku ile ile, kwa mstari ulionyooka, akipima kwa hatua za gwaride. Mmoja ameupanda hatua sita tu kutoka kwa mfyulisi. Dereva alimwuliza kama angependa asaidiwe kuukata ule mti usiozaa, kwa kuwa alikuwa na shoka garini. Mzee akajibu kwamba usikatwe bado. Mche mdogo unahitaji kivuli mpaka ushike.